Mashine Isiyojua Matobolwa

Watu wakifika kwenye neno kifafa hushusha sauti, kana kwamba ugonjwa wenyewe una masikio. Mimi siishushi. Nina kifafa. Nilikuwa nacho nikiwa na miaka sita, ninacho leo, na asiyetaka kukisikia azibe masikio yake. Kinywa changu sizibi.

Nimekulia Igogo, karibu kabisa na ziwa. Wanaoikumbuka miaka ya tisini wanajua kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ruksa, maduka ya watu binafsi ruksa, viwanda vya minofu ya sangara vinaota ufukweni kila ukigeuka. Minofu ilipanda ndege, sisi tukabaki na mapanki, ile mifupa na vichwa, ambayo mama yangu aliikaanga kwenye karai kando ya barabara na kuiuza. Kila kitu ruksa, jamani, isipokuwa mtu mwenye kifafa kujitafutia maisha. Ruksa hiyo haikutufikia.

Mkono wangu wa kushoto una kovu kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo. Nilianguka kwenye jiko la mama nikiwa na miaka tisa, yeye akiwa ameenda kuchota maji. Watu walikuwepo, tena wengi, wateja na majirani, na waliniona naungua. Hakuna aliyenishika. Waliogopa povu. Kwetu watu waliamini, na wapo wanaoamini hadi leo, kwamba povu la mtu wa kifafa likikugusa nawe utaanguka. Mama ndiye aliyetupa ndoo akaja mbio akanivuta. Watu wale sijawasamehe na sina mpango huo.

Nilipomaliza kidato cha nne nikachaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Mama alipita mtaa mzima akitangaza, hata kwa watu aliokuwa hasalimiani nao. Nikakaa chuoni wiki tano. Wiki ya sita nikaanguka bwaloni, wakati wa chakula cha mchana. Nilipozinduka nilikuta bwalo tupu, sahani zimepinduka, ugali sakafuni, na mimi peke yangu katikati nimejiuma ulimi. Wanachuo zaidi ya mia moja, walimu wa kesho hao, walikuwa wametimka wote. Kesho yake mkuu wa chuo akaniita ofisini.

Alikuwa mtu mrefu, wa kaunda suti, mwenye sauti ya upole. Upole wake ulinichoma kuliko matusi. "Binti," akasema, "mimi sina ubaya na wewe. Lakini ukianguka darasani watoto watakimbia, wataumizana mlangoni. Nani atajibu? Nenda nyumbani. Ukileta karatasi ya daktari kwamba umepona, nafasi yako ipo mpaka muhula ujao uanze. Usipoileta, nitampa mwingine."

Nikarudi Igogo na sanduku langu la bati. Nilitaka ualimu kuliko nilivyotaka mume, kuliko nilivyotaka hata kupona. Nilijua pia kwamba mapanki ya mama ndiyo yaliyokuwa yananisubiri, na lile karai, na ule moto.

Muuguzi mmoja wa zahanati ya mtaani ndiye aliyetupa habari. Ng'ambo ya Busisi, akasema, kuna hospitali ya misheni, na pale amefika daktari aliyesomea nje, amekuja na mashine ya kupima mawimbi ya ubongo. Atakaa miezi michache tu. Akatupa na masharti ya hospitali: mgonjwa asilale usiku wa kuamkia kipimo, na aje na nywele safi.

Sasa, mwambie mama wa Igogo kwamba mwanawe aende hospitali na nywele safi. Loo! Mama alinikalisha kati ya magoti yake akanisuka twende kilioni za kubana mpaka macho yakanivutika, kisha akanipaka mafuta mazito hadi yakatiririka shingoni. "Uende kwa madaktari na kichwa kikavu?" akasema. "Watasema huna mama." Halafu akakaa nami hadi kunakucha, kila nikisinzia ananifinya.

Kwenye pantoni ya kutoka Kigongo alivua kitenge chake cha begani, akafunga ncha moja kwenye mkono wangu na nyingine kwenye wake. Msichana wa miaka kumi na tisa, nimefungwa kama mbuzi wa mnadani, abiria wote wananitazama. Nikamwambia, "Mama, unanitia aibu." Akanijibu bila kunitazama, "Ziwa halina aibu. Ukianguka humo tutaanguka wote." Ubishi wangu nimeurithi kwake, na kila tukigombana alikuwa ananishinda.

Hospitalini tukapokelewa na muuguzi mtu mzima, mkavu wa maneno. Alinishika kichwa, akanusa vidole vyake, akaguna. "Mama, mafuta haya yote ya nini? Nyaya hazitashika." Akazifumua twende kilioni zote na kunisugua kwa sabuni ya kipande kwenye beseni, mara tatu. Mama alisimama pembeni ameshika kitana, akitazama kazi yake ya usiku mzima ikimwagwa kwenye mtaro. Nilimwonea huruma siku ile kuliko nilivyojionea mimi.

Kisha nikalazwa kitandani, nikabandikwa nyaya kichwani kwa gundi nzito kama uji wa mtama. Nyaya zikaenda kwenye mashine yenye kalamu nyingi zilizojipanga, na chini ya kalamu karatasi ndefu ikawa inatembea yenyewe na kukunjika. Kila kalamu ilichora mstari wake wa kutetemeka. Mashine nayo iliunganishwa na kompyuta juu ya meza. Ilikuwa kompyuta yangu ya kwanza kuiona kwa macho.

Daktari alikuwa Mtanzania wa makamo, mwenye miwani na furaha ya mtu anayependa kazi yake. Nikamwamkia, akaitikia, na alipojua kuwa nasomea ualimu akaanza kunieleza kana kwamba mimi ni mwenzake. Hilo sikulisahau.

"Kuzisoma karatasi hizi ni kazi," akasema. "Mgonjwa mmoja anajaza meza nzima, na macho yangu ni haya mawili. Kwa hiyo naifundisha kompyuta inisaidie. Naionyesha mifano: hapa mgonjwa amepatwa, hapa hajapatwa. Mifano mingi mno. Ikikosea, inajirekebisha. Mwisho inatambua kifafa yenyewe, inaweka mstari mwekundu."

"Kama darasa la kwanza," nikasema. "Hii ni a, hii siyo a."

"Hasa!"

"Na mifano umeitoa wapi?"

"Kule nilikosomea, Ulaya. Wagonjwa wa hospitali ya huko." Kisha akaniambia nifumbe macho, nisijitingishe, nikipata usingizi nilale. Akaenda wodini. Muuguzi akatuonya kwamba chumbani mle hakiruhusiwi chakula, na baada ya muda naye akaitwa. Tukabaki mimi, mama na kalamu.

Mama alikuwa amekuja na matobolwa. Asiyeyajua ni bahati mbaya yake: ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama gome. Kwa Wasukuma hicho ndicho chakula cha safari, unaweka mfukoni, unatafuna njia nzima. Kwa mama yangu, mwanawe kulazwa na njaa mbele ya watu baki ilikuwa fedheha ambayo hakuna muuguzi wa kuihalalisha. Akafungua fundo la kanga yake, akanipenyezea kipande mdomoni. "Tafuna polepole," akanong'ona, "midomo ifunge."

Nikatafuna. Macho nimefumba, midomo nimefunga, meno yanafanya kazi. Kalamu zikaanza kurukaruka, kra kra kra, karatasi yote ikawa nyeusi. Mama akafurahi. "Ona, ona! Mashine imechangamka. Ilikuwa imelala." Nilipomeza kalamu zikatulia, naye akaingiwa na wasiwasi kwamba imekufa, akanipa kipande kingine. Ikachangamka. Basi tukaendelea hivyo, mama akiilisha mashine kupitia kwangu na kujisifu kimoyomoyo kwamba anawasaidia madaktari. Mwishowe shibe ikakutana na ule usingizi wa usiku kucha, nikalala fofofo.

Nilizinduliwa na sauti ya daktari. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, na furaha yake yote imemtoka. "Mara kumi na saba," alikuwa akimwambia mama kwa sauti ya chini. "Kwa saa mbili tu. Binti anapatwa na mashambulizi madogo mfululizo bila mwenyewe kujua. Mama, sipendi kusema hivi, lakini mtu wa hali hii hawezi kuachiwa watoto darasani. Nitaandika hivyo, na nitaongeza dawa."

Mama akaweka kanga mdomoni akaanza kulia. Daktari akavuta karatasi, akafungua kalamu ya wino.

Nilimwona akiandika tarehe. Mara kumi na saba? Mimi ninapokaribia kuanguka najua, nasikia harufu kama ya chuma kilichoungua, na siku ile sikuisikia hata mara moja. Nikamwomba nione. Akanionyesha mistari myekundu, na pembeni saa. Nikaona yote imejazana mwanzoni, halafu ghafla haipo. Haipo tangu nilipolala.

"Daktari," nikasema, "nilikuwa nakula."

Mama akanifinya paja. Nilielewa anachoogopa: tutafukuzwa, tutarudi mikono mitupu, na yeye ndiye atakayekuwa amevunja sheria ya watu. Alikuwa na haki ya kuogopa, na bado sikunyamaza. Maji nilikwisha kuyavulia nguo.

"Nilikuwa natafuna matobolwa. Kila nikitafuna kalamu zinaruka. Muulize mama."

Daktari alinitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto anayekana kuvunja kikombe. "Binti, naelewa unataka sana kusoma. Lakini kompyuta hii imeona mamia ya wagonjwa."

"Imeona mgonjwa gani akila matobolwa?"

Muuguzi, aliyekuwa amerudi, akasema, "Ala!" sikujua kwa ajili ya ubishi wangu au kwa ajili ya chakula. Nyaya zilikuwa bado kichwani. Nikamnyooshea mama mkono, "Lete." Mama akasita. "Lete, mama!" Akafungua fundo mbele ya watu wote, akanipa kipande kimoja.

Nikakiingiza mdomoni nikakitafuna wazi kabisa, nikimkazia macho daktari. Kalamu zikacheza ngoma. Kwenye kompyuta mstari mwekundu ukatokea. Nami nikasema, mdomo umejaa, adabu nimeiweka kando: "Nane mara saba ni hamsini na sita. Leo tumevuka kwa pantoni. Huyu ni mama yangu, na yule ni muuguzi aliyenikwangua kichwa kwa sabuni. Mtu aliyepatwa anasema hivi, daktari? Mistari yako inasema nimepatwa. Haya, nimepatwa wapi?"

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaangalia kompyuta, akaangalia taya langu, akaangalia kompyuta tena. Kisha akaanza kucheka, cheko la mtu aliyekutwa uchi na hana pa kujificha. Akanyoosha mkono kwa mama. "Mama, naomba na mimi kimoja." Akakitafuna amesimama. "Ni kigumu," akasema. "Ni kigumu kweli."

Baada ya hapo aliisoma karatasi yote kwa macho yake mwenyewe, kunjo kwa kunjo. Ilimchukua mchana mzima. Karibu na mwisho, pale nilipokuwa usingizini, akaweka kidole. "Hapa," akasema. Mistari ilikuwa imechongoka ghafla, kalamu zote kwa pamoja, kwa muda mfupi, kisha ikatulia. "Hiki ndicho kifafa chako chenyewe." Kompyuta ilikuwa haijaweka alama yoyote pale. Ilipiga kelele kwenye viazi, ikapita kimya kwenye ugonjwa.

Nilikitazama kile kijipande cha karatasi kwa muda mrefu. Maisha yangu yote watu walinieleza kilicho kichwani mwangu: pepo, laana ya ukoo, wivu wa jirani. Kumbe ni vilima vichache vya wino. Sikusikia woga. Nilisikia hasira, kwamba kitu kidogo vile ndicho kilichowakimbiza watu mia moja bwaloni.

"Mwanafunzi wangu amefeli," daktari akasema.

"Mwanafunzi akifeli somo ambalo hakufundishwa, aliyefeli ni mwalimu," nikamjibu. Muuguzi akageukia dirishani, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Daktari hakukasirika. Akanipa penseli nyekundu, akaniomba niandike mwenyewe juu ya kila mstari wa uongo kilichokuwa kikitokea, ili aifundishe kompyuta upya. Nikaandika "anakula" mara kumi na nane, pamoja na kile kipande cha kumwonyesha daktari, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, na pale mwishoni nikaandika "kifafa" mara moja. Sijui karatasi zile zilifika wapi. Najua tu kwamba mahali fulani kuna mashine iliyofundishwa na binti wa muuza mapanki, na iseme asante.

Ikabaki barua. Mama akapiga magoti. "Baba daktari, andika binti amepona. Maneno mawili tu. Wewe una muhuri." Daktari akanitazama. Nadhani angeiandika, alikuwa na deni la aibu, na mama alikuwa ameshika miguu yake. Nafasi yangu yote chuoni ilikuwa kwenye maneno hayo mawili.

"Usiandike," nikasema. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikianguka na barua ya kupona mkononi, nitakuwa mgonjwa na mwongo pia. Andika ukweli."

Akaandika kwamba nina kifafa, kwamba nikimeza vidonge vyangu kila siku nitaanguka mara chache, kwamba hakiambukizi, na kwamba haoni sababu ya mimi kutofundisha. Mama hakunisemesha mpaka tulipofika Igogo.

Mkuu wa chuo aliisoma barua ile mara mbili. "Hapa hapajaandikwa kupona."

"Hapajaandikwa, Mkuu."

"Nilikwambia ulete nini?"

"Ulisema watoto watakimbia. Watoto hukimbia wasichokijua. Nipe darasa niwafundishe wasikimbie. Si ndiyo kazi ya chuo hiki?"

Mtu mpole akikasirika hupunguza sauti zaidi, na yake sasa ilikuwa karibu haisikiki. "Utaendelea na masomo. Utakwenda mazoezi ya kufundisha kama wenzako. Lakini siku utakayoanguka mbele ya watoto na wakakimbia, binti, unafunga sanduku lako siku hiyo hiyo. Na nitakuja kukukagua mimi mwenyewe."

"Karibu sana," nikasema. 

Nilipangiwa shule ya msingi huko Kisesa, darasa la nne, watoto zaidi ya sitini. Siku ya kwanza sikufundisha hesabu. Nilijilaza sakafuni na gauni langu zuri nililoliandaa kwa ukaguzi wa Mkuu. Nikawaonyesha kifafa kilivyo, nikatingisha mikono na miguu. Nikawafundisha kusogeza madawati, kunilaza ubavu, kuweka sweta chini ya kichwa, kutotia kijiko wala kitu chochote mdomoni, kisha kuhesabu polepole kwa pamoja. Wakifika mia tatu sijaamka, mmoja amwite mwalimu mkuu. Na kwa kuwa nilishaona kinachotokea mwanafunzi akionyeshwa mfano wa aina moja tu, nikawaonyesha na visivyo kifafa. Nikapiga chafya. "Hiki ni kifafa?" "Siyooo, mwalimu!" Nikasinzia, nikatafuna hewa, nikatetemeka kwa baridi. "Siyooo!" Walicheka mpaka wengine wakalia. Wiki nzima tulifanya hivyo dakika tano kabla ya kipindi.

Mkuu wa chuo alikuja wiki ya nne, akakaa nyuma na faili lake. Nilikuwa nafundisha sehemu, nimeandika robo tatu ubaoni, ndipo nikasikia ile harufu ya chuma. Nikawahi kusema neno moja tu: "Watoto." Mengine siyakumbuki.

Kitu cha kwanza kunirudia kilikuwa sauti. Sauti nyingi ndogo, kwa pamoja, polepole, kama wanavyosoma jedwali la kuzidisha: "Mia moja arobaini na sita. Mia moja arobaini na saba. Mia moja arobaini na nane." Nikafumbua macho. Nilikuwa nimelala ubavu, sweta la mtu chini ya shavu langu, na watoto wote zaidi ya sitini walikuwa wamesimama kunizunguka. Waliponiona natazama, wakaacha kuhesabu.

Kiti cha nyuma kilikuwa kimepinduka. Mkuu alikuwa nje, ameshika nondo za dirisha, faili lake limetawanyika mlangoni.

Wakaniinua wakanikalisha. Mkuu akaingia taratibu, akiokota karatasi zake, na jasho linamtoka. Akawauliza watoto, "Ninyi kwa nini hamkukimbia?"

Msichana mmoja wa dawati la mbele, miguu peku, alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga na anayelazimika kumheshimu muulizaji. "Shikamoo. Tukimbilie wapi," akasema, "na mwalimu wetu yuko hapa?"

Mkuu akainua kile kiti, akakaa. Akatafuta kalamu, akaipata. "Endelea, Mwalimu," akasema.

Sikuwa na nguvu ya kusimama. Nikaendelea nimekaa.